Mpeni Mtoto Chakula

Somo: Marko 5:21-43
(Mafundisho kwa wanakwaya na wageni, siku ya jubilei)



Katika Walawi 25, jubilei inaanza kwa sauti ya baragumu. Lakini baragumu lilikuwa tangazo tu. Kazi yenyewe ya mwaka ule ilikuwa kumrudisha mtu kwenye shamba la baba zake na kwa jamaa yake. Basi leo, tunapomshukuru Mungu kwa miaka ya kuimba, inatupasa tujiulize: sauti yetu imemrudisha nani nyumbani? Habari ya binti Yairo itatusaidia kujibu.

Wengi mnaijua. Yairo, mkuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pa Yesu kwa sababu binti yake wa miaka 12 yu karibu kufa. Njiani mama mmoja aliyetokwa na damu kwa miaka 12 anagusa vazi la Yesu, na msafara unasimama. Yesu akiwa bado anasema naye, wanafika watu kutoka kwa Yairo na kumwambia kwamba mtoto ameshakufa, hakuna haja ya kumsumbua Mwalimu. Yesu anamwambia baba asiogope, aamini tu.

Wanakwaya, tuingie sasa katika nyumba hiyo, maana na sisi tumo. Mathayo 9:23 anataja jambo ambalo Marko hakulitaja: palikuwa na wapiga filimbi. Hiyo ilikuwa desturi. Mapokeo ya Wayahudi, yaliyoandikwa baadaye, yanasema hata mume maskini akifiwa na mkewe asikose kuleta filimbi 2 na mama 1 wa kuomboleza. Kwa hiyo wanamuziki walimtangulia Yesu kufika. Naye alipoingia, aliwatoa nje.

Kwa nini awatoe? Si kwamba muziki ni mbaya. Usiku wake wa mwisho Yesu mwenyewe aliimba pamoja na wanafunzi kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni (Marko 14:26). Wala si kwamba kulia ni dhambi, kwa sababu naye alilia Lazaro alipokufa. Tazameni mstari wa 40. Aliposema kwamba mtoto amelala tu, wale waombolezaji walimcheka. Sasa hivi walikuwa wakilia, na sasa hivi wanacheka! Kilio chao kilikuwa kibarua cha siku. Mtoto hakuwa moyoni mwao.

Hapa kwetu jambo hili halihitaji mkalimani. Tunajua hanga halikosi muziki. Tunajua pia disko matanga, zinazopigwa marufuku na kurudi tena. Spika zinakesha, michango inakusanywa kwa jina la marehemu, na wasichana wa rika la binti Yairo wako nje gizani. Wengine wanapata mimba, shule inaishia hapo. Lakini tusiwanyoshee kidole wenye spika peke yao. Hata kwaya inaweza kufika matangani, ikaimba vizuri, ikala, ikapanda matatu ikarudi, bila mtu hata mmoja kuuliza watoto wa marehemu wamelala wapi.

Turudi ndani. Wamebaki baba, mama, na Petro, Yakobo na Yohana. Yesu anamshika mtoto mkono, anamwambia ainuke. Mtoto anasimama, anatembea! Watu wameduwaa. Ndipo katika mstari wa 43 Yesu anatoa maagizo mawili: wasilitangaze jambo hili, na mtoto apewe chakula.

Wapendwa, wazazi wameshangaa, lakini Yesu amekumbuka kwamba mtoto ana njaa. Aliyemfufua kwa neno angeweza kumshibisha kwa neno. Hakufanya hivyo. Kazi ya jikoni aliwaachia wenye nyumba.

Mstari huo, ukisomwa katika kaunti yetu ya Kilifi, ni mzito. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Ilipatikana miili zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Watu walikuwa wamefundishwa kwamba wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Ni Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipokabidhiwa miili ya watu wao pale Malindi, baada ya vipimo vya DNA. Hukumu ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi tunaoshika Biblia ni kuisoma yote.

Kufunga kumo katika Injili. Yesu alifunga siku 40, na Mathayo 4:2 anasema wazi kwamba mwishowe aliona njaa. Kisha malaika wakamhudumia. Katika Marko 8:3 alikataa kuwaaga watu wenye njaa, wasije wakazimia njiani. Na hapa anaagiza mtoto apewe chakula. Anayesema Yesu anataka mtoto afe njaa ndipo amwone, huyo anabishana na Marko.

Vivyo hivyo kuhusu matibabu. Yule mama alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu. Yesu hakumkemea kwa kwenda kwao, bali alimwita binti na kumpa amani. Kwa hiyo mgonjwa akipelekwa hospitali ya Malindi au Kilifi, asiambiwe kwamba hana imani. Tumwombee, na nauli tumchangie.

Wanakwaya, mahubiri yangu haya wengine watayasahau kabla ya kufika barabarani. Wimbo hausahauliki upesi. Mama anakwenda nao kisimani na shambani, mtoto analala nao. Ndiyo maana nina maombi matatu kwenu.

Kwanza, wimbo mpya usomwe kabla ya kuimbwa, mstari kwa mstari, Biblia ikiwa wazi. Ukisifu kifo kana kwamba uhai ni mzigo wa kutupwa, mtunzi aurekebishe, hata kama sauti ni tamu.

Pili, tukiimba matangani, wasichana wetu wasibaki huko usiku. Watu wazima waondoke nao na kumfikisha kila mmoja mlangoni kwao.

Tatu, kabla ya kuaga wafiwa, mmoja wetu aingie jikoni na aulize: watoto wamekula? Kama hapana, sadaka ya kwaya ya siku hiyo iwe unga na mchunga, watoto wapate sima. Na juma linalofuata mtu arudi kuona kama wanakwenda shule.

Haya ni mambo madogo, hayatangazwi kwa baragumu. Lakini aliyewatoa nje wapiga filimbi hatatutoa sisi akitukuta jikoni.

Mungu aibariki kwaya yetu, awafariji waliopoteza watoto wao, na atupe sauti ya kuimba na mikono ya kulisha. Amina.