Kusoma Mwandiko wa Kale katika Vitabu vya Kanisa

Wasikilizaji wetu, mtu atakaye kujua asili ya ukoo wake huenda kwanza kwa wazee. Lakini kumbukumbu za wazee zina mwisho, na hapo zinapokoma mwenye bahati hukuta kitabu. Leo twataka kusema nanyi habari za vitabu vya makanisa ya Uingereza, ambavyo ni vya kale sana, na jinsi ya kuusoma mwandiko wake pasipo kujidanganya.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia, yaani kila mtaa wa kanisa, iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Kila Jumapili padre alipaswa kuandika mambo ya juma lililopita mbele ya mzee wa kanisa, kisha kitabu kifungiwe katika sanduku lenye makufuli mawili. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba habari zilizoandikwa katika karatasi zinakiliwe katika vitabu vya ngozi, hasa zile za tangu mwaka 1558. Ndiyo sababu vitabu vingi vilivyobaki huanzia mwaka huo.

Mtu akifungua kitabu cha zamani zile, hata kama ajua Kiingereza vizuri, hushangaa. Herufi e yaonekana kama imegeuzwa nyuma. Herufi c yafanana na r ya leo. Herufi h yashusha mkia chini ya mstari, na s ya katikati ya neno ni ndefu kama f. Herufi u na v zilihesabiwa kuwa moja, na i na j vivyo hivyo. Tena waandishi walifupisha maneno: Wm ni William, na Xber ni Desemba, maana X ni kumi kwa hesabu ya Kirumi. Katika kurasa za Kilatini, Jacobus ndiye James yule yule, wala si mtu mwingine.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusianze na jina tulitafutalo, maana jicho lenye tamaa huona kile litakacho. Tuanze na maneno yanayorudi mstari baada ya mstari. Katika ukurasa wa Kilatini neno filius, yaani mwana wa kiume, laweza kurudi mara nyingi. Kwa neno hilo moja twajifunza jinsi mwandishi yule alivyoandika f, i, l, u, na ile s ya mwisho. Tuzichore herufi hizo kando, katika karatasi yetu, kisha jina gumu tulipime kwa hizo. Herufi tusiyoitambua tuiachie nafasi. Tusiijaze kwa kubahatisha.

Kusoma herufi peke yake hakutoshi. Na tuseme twasoma kwamba mume na mke waliozana Mei 1640, na mtoto wao akabatizwa Februari 1640. Msomaji mwenye haraka atasema, “Kumbe mtoto alizaliwa kabla ya ndoa!” Sivyo. Kabla ya mwaka 1752 Waingereza waliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari ile ilifuata Mei, na kwa hesabu yetu ni Februari 1641. Msomaji yule amewatia wazee wake aibu wasiyoistahili, nao hawana kinywa cha kujitetea.

Kwetu pia jambo hili lina maana. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu, na watumwa waliokombolewa walikaa huko. Katika misheni za Kikatoliki za siku zile ubatizo uliandikwa mara nyingi kwa Kilatini, na padre mgeni aliyaandika majina ya Kiafrika kama sikio lake lilivyoyasikia. Kwa mjukuu wa mtu aliyetolewa mbali na kwao, mstari mmoja kama huo huenda ukawa ndio alama pekee ya mahali alikotoka babu yake. Herufi moja ikisomwa vibaya, mjukuu atapelekwa kwenye kabila lisilo lake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tuandike kile kilichoandikwa, si kile tunachotamani. Penye shaka tuseme kuna shaka, ili atakayekuja baada yetu ajue pa kutazama tena. Mwenda pole hajikwai. Na katika vitabu hivi, ajikwaaye humwangusha babu yake pamoja naye.