Jezi Hailindi Goti
Ndugu wanakamati wa parokia na ndugu wafadhili,

Msimu wa UMISSETA ukikaribia, shule zetu za sekondari Karagwe na Kyerwa hutuomba jezi na nauli. Tunachanga, na ni vema. Lakini jezi hailindi goti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wasichana wanasoka nchini Norway ulionyesha kuwa timu zilizopasha misuli kwa dakika 20, kwa mazoezi ya mbio, nguvu na usawa wa mwili, zilipata majeraha makubwa pungufu kwa karibu nusu. Mazoezi hayo hayahitaji mashine; yanawezekana Kayanga, Nkwenda hata Murongo.

Hivyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kamati ziwahimize wazazi kuondoa mawe na kufukia mashimo viwanjani. Pili, sanduku la huduma ya kwanza na mafunzo ya mwalimu wa michezo vitangulie jezi. Tatu, mchezaji aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu atolewe, apelekwe kwa mganga, wala asirudi uwanjani siku hiyo, hata ikiwa fainali.

Kikombe kitashindaniwa tena mwakani. Goti hilo hilo mtoto atalihitaji shambani na kazini maisha yake yote.