Tairi Haliuawi na Mwiba: Matunzo ya Magurudumu ya Magari ya Safari



Nimeombwa nizungumzie magurudumu ya Land Cruiser zetu za safari, hizi zinazotoka Arusha alfajiri na wageni sita, mahema juu ya paa na friji nyuma. Nimeziendesha miaka mingi, sasa nazitengeneza. Hoja yangu ni moja. Tumezoea kulaumu miiba ya migunga na mawe ya njia ya Natron, lakini matairi mengi ninayoyatoa gereji yameuawa na joto, na joto hilo tumelitia sisi wenyewe kwa upepo mdogo na mzigo mkubwa.

Ushahidi uko ndani ya tairi. Fundi akishalivua kwenye rimu, ingiza mkono upapase. Ukitoka na unga mweusi kama masizi, na ukaona mstari uliochubuka ukizunguka ubavu wote, tairi hilo limetembea likiwa laini. Kila lilipozunguka, ubavu ulijikunja na kujinyoosha, mpira ukachemka, nyuzi za ndani zikaanza kuachana. Ukiziba tundu la mwiba litajaa upepo vizuri na litapendeza machoni, kisha siku ya tatu litapasuka kwenye lami ya Makuyuni gari likiwa katika mwendo. Mwiba ulitoboa tu. Kilichoua ni zile kilomita tano alizoongeza dereva ili afike kambini kwanza.

Kwa hiyo kila dereva awe na geji yake, na apime asubuhi kabla gari halijatembea. Kupiga tairi teke hakupimi kitu. Tairi lenye PSI 40 au zaidi kidogo huongeza takriban PSI 2 kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, na likitembea huchemka zaidi ya hapo. Dereva anayepima saa nane mchana, akaona geji imezidi, akapunguza, atalala na tairi pungufu. Kesho yake anaamka ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na ukungu, na lile tairi limelegea kuliko anavyodhani. Tairi la moto usilitoe upepo.

Njia ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi ina mawimbi kama bati la kuezekea. Ukipunguza upepo kidogo asubuhi, kwa makusudi, tairi hunyumbulika na kuupokea mtikisiko. Sikatazi. Lakini ukipunguza upepo, punguza na mwendo, na uwe na kompresa ya kurudisha upepo kabla hujashika lami. Wengi hukumbuka la kwanza, wakasahau haya mawili.

Kuhusu mzigo, nawaomba wenye magari wanisikilize. Kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kiwandani, kabla gari halijakatwa na kurefushwa. Hakijui habari za viti vilivyoongezwa, paa la kuinuka, spea mbili na madumu ya dizeli. Pelekeni gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama linavyokwenda porini, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kisha someni ubavu wa tairi: namba 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Tairi la bei nafuu lenye uwezo mdogo, likifungwa nyuma ya gari lililorefushwa, linahatarisha roho za watu.

Umri nao hauonekani kwa kashata. Tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3218 ni wiki ya 32 ya mwaka 2018. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama bado linaonekana zima. Spea ndiyo inayosahaulika. Mimi mwenyewe niliwahi kukwama Ndutu jioni, nikashusha spea ambayo kashata zake zilikuwa hazijaguswa. Ilikuwa imepigwa na jua mlangoni kwa miaka. Nilipoikunja ubavu kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama udongo mweusi wa kiangazi. Tuliwasubiri wenzetu hadi giza likaingia, na mmoja wa wageni wangu alikuwa mama mzee mwenye kisukari. Tangu siku ile nakagua spea kabla ya matairi yanayotembea.

Nati zikazwe kwa msalaba, na zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Kila mnaposimama wageni wachimbe dawa, zunguka gari uziangalie: michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati ni dalili kwamba imelegea. Pitisha na kiganja karibu na kitovu cha gurudumu bila kugusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, beringi au breki ina shida.

Na ninyi mafundi wa pancha, rimu za pete bado zipo. Msiijaze upepo rimu ya aina hiyo bila kizimba au minyororo ya kuifunga, na msiiinamie. Pete ikichomoka inaua.

Ndugu zangu wenye magari, kabla ya msimu huu kuanza, mpeni kila dereva geji moja na dakika 10 za asubuhi ambazo hatadaiwa na ofisi.