Mbwa Wavutao Sleji: Mashindano ya Maili Elfu Katika Nchi ya Alaska

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya mbwa wa kaskazini, kazi yao ya zamani na mashindano yao ya siku hizi.

Wasikilizaji, wako watu ambao kwao mbwa si mlinzi wa boma tu, wala si mwenzi wa mwindaji tu, bali ni mnyama wa kazi kama maksai alivyo kwa mkulima. Watu hao hukaa Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini-magharibi kabisa mwa bara la Amerika. Huko maji ya mito huganda wakati wa baridi hata yakawa magumu kama sakafu ya saruji, na theluji hufunika nchi kwa miezi mingi. Gari la magurudumu halifai kitu. Chombo kifaacho ni sleji, yaani kitako chepesi cha mbao kilichowekwa juu ya miti miwili mirefu iliyolainishwa, nacho huteleza juu ya theluji kama mtumbwi utelezavyo majini. Mbwa hufungwa wawili wawili kwa kamba moja ndefu iliyo mbele ya sleji. Dereva husimama nyuma, ameshika mpini.

Mgeni hushangaa kuona kwamba dereva huyu hana hatamu mkononi. Farasi huongozwa kwa lijamu na punda kwa fimbo, lakini mbwa hawa huongozwa kwa sauti peke yake. Liko neno la kwenda kulia, na la kwenda kushoto, na la kusimama. Anayelisikia na kulitimiza ni mbwa wa mbele, na wengine wote humfuata yeye. Kwa hiyo mbwa wa mbele hachaguliwi kwa nguvu. Huchaguliwa kwa akili, na kwa moyo wa kutogeuka nyuma upepo unapompiga usoni. Tena huja saa ambapo theluji hupeperushwa na dhoruba hata dereva asiwaone mbwa wake mwenyewe. Saa hiyo neno lake halina thamani tena. Mbwa wa mbele huitafuta njia kwa pua na kuipapasa kwa nyayo, na dereva mwenye busara hunyamaza kimya.

Jambo hili lilijulikana duniani kote katika mwezi wa Januari mwaka 1925. Mji wa Nome, uliojengwa ufukoni mwa bahari ya Bering, ulikuwa na watu wapatao 1,400. Bahari ilikuwa imekwisha kuganda, na hapakuwa na meli iwezayo kufika mpaka baridi ipite. Ndipo ulipozuka ugonjwa wa dondakoo, ambao huotesha utando kooni hata mtoto akashindwa kuvuta pumzi. Daktari wa mji alikuwa mmoja tu, Curtis Welch. Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa imepitwa na wakati. Alikuwa ameagiza nyingine, lakini haikuletwa kabla bandari haijafungwa na barafu. Tarehe 22 Januari alipeleka habari kwa simu ya upepo kuomba msaada.

Dawa ilipatikana katika hospitali ya Anchorage, vipimo 300,000. Ilichukuliwa kwa gari la moshi mpaka Nenana, na hapo reli haikuweza kuifikisha karibu zaidi na Nome. Zilibaki maili 674. Wengine walitaka ipelekwe kwa eropleni, lakini eropleni za siku zile zilikuwa wazi juu, na baridi ile ingeweza kumwua rubani na kuizima mashini. Gavana wa Alaska, Scott Bone, aliamua kuwategemea mbwa. Mpango ulikuwa kupokezana: dereva mmoja aikimbize dawa mpaka kituo fulani, na hapo mwingine, mwenye mbwa waliopumzika, aipokee na kuendelea mbele.

Madereva ishirini walishiriki, pamoja na mbwa wapatao 150. Wa kwanza, William Shannon, aliondoka Nenana usiku wa tarehe 27 Januari, katika baridi ya digrii 50 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, na kushuka zaidi. Alipofika kituoni uso wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa kuunguzwa na baridi, na baadhi ya mbwa wake walikufa. Wengi waliomfuata walikuwa wenyeji wa nchi, Waathabaska wa kandokando ya mto Yukon, watu waliozoea kupeleka barua za posta kwa mbwa. Mmoja wao, Charlie Evans, alianguliwa na mbwa wake wawili wa mbele, waliolemewa na baridi. Hakurudi nyuma. Alizivaa kamba zao mwenyewe, akavuta sleji pamoja na mbwa waliosalia mpaka akaifikisha dawa Nulato. Jina lake halikuandikwa sana katika magazeti ya wakati ule, na hilo si haki, maana mzigo ulikuwa ni uleule na baridi ni ileile.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ilimwangukia Leonhard Seppala, mzaliwa wa Norway, pamoja na mbwa wake wa mbele aitwaye Togo. Togo alikuwa na umri wa miaka 12, umri ambao mbwa wengi wamekwisha kuwa wazee wa kuota jua. Seppala alitoka Nome kwenda kuilaki dawa, akaenda maili 170. Nyuma yake mpango ulibadilishwa na madereva wengine wakaongezwa ili kuharakisha safari, lakini haikuwezekana kumpasha habari. Karibu na Shaktoolik alikutana njiani na Henry Ivanoff aliyekuwa nayo dawa, na ilikuwa kidogo tu ampite asijue. Aliipokea, akageuka.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya pwani ilikuwa ndefu na salama. Ya mkato ilipita juu ya ghuba ya Norton, mahali ambapo chini ya miguu hapana ardhi bali barafu iliyo juu ya bahari, nayo barafu hiyo huweza kumeguka wakati wa dhoruba na kuchukuliwa na maji pamoja na kila kilicho juu yake. Jua lilikuwa limekuchwa na upepo ulikuwa mkali. Seppala alichagua ghuba. Asingeweza kuiona njia gizani. Alimtegemea Togo, na Togo aliwafikisha ng'ambo. Seppala aliichukua dawa maili 91 kabla ya kumkabidhi mwenziwe huko Golovin.

Wa mwisho alikuwa Gunnar Kaasen, na mbwa wa mbele aliyeitwa Balto. Upepo uliipindua sleji yao, dawa ikaanguka thelujini, na Kaasen alilazimika kuitafuta gizani kwa mikono mitupu. Aliingia Nome tarehe 2 Februari, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Safari iliyokuwa ikiichukua posta wiki kadhaa ilikuwa imekwisha kwa siku tano na nusu hivi. Dawa ilikuwa imeganda, lakini ilipoyeyushwa ilifaa, na mji uliokoka. Kwa kuwa Balto ndiye aliyeonekana akiingia mjini, Balto ndiye aliyepewa sifa. Kabla mwaka huo haujaisha alikwisha kuwekewa sanamu katika bustani kubwa ya New York. Seppala, ambaye Balto naye alikuwa mbwa wake, aliona uchungu kwa ajili ya Togo mpaka uzee wake.

Baada ya miaka kupita, eropleni zilichukua kazi ya posta, na katika miaka ya 1960 zikaja pikipiki za theluji. Familia ambazo zamani zilifuga mbwa kumi au kumi na watano ziliacha kuwafuga, kwani pikipiki haili samaki siku isipofanya kazi. Mtu mmoja, Joe Redington, aliona ya kuwa mbwa hawa watatoweka vijijini pamoja na elimu yote ya kuwalea. Yeye na Dorothy Page, mama aliyependa historia ya nchi ile, walianzisha mashindano mafupi mwaka 1967, mwaka uleule aliokufa Seppala. Mwaka 1973 yalifanywa kwa mara ya kwanza mashindano marefu, kutoka Anchorage mpaka Nome, karibu maili 1,000. Yaliitwa Iditarod, kwa jina la mji wa wachimba dhahabu ambao sasa ni mahame. Wengi hudhani kwamba yaliwekwa kwa kuikumbuka ile dawa tu. Kumbe shabaha kubwa ya Redington ilikuwa kuwarudisha mbwa katika nyua za watu.

Mwaka ule wa kwanza walitoka madereva 34, wakafika 22. Mshindi, Dick Wilmarth, alitumia siku 20. Wa mwisho alitumia siku 32. Mwaka 2016 mshindi, Dallas Seavey, alitumia siku nane na saa kumi na moja tu. Pengine wasikilizaji watadhani kwamba mbwa wa siku hizi wana mbio kupita wale wa kwanza. Wamechaguliwa vizuri zaidi, ni kweli, lakini siri kubwa iko katika kupumzika. Wale wa zamani walikwenda mpaka mbwa wakachoka, ndipo wakasimama. Dereva wa sasa husimama kabla mbwa hawajachoka, labda baada ya saa tano au sita, akawapa muda karibu sawa na huo wa kulala.

Tena hapo anaposimama, mwenye kupumzika ni mbwa, si dereva. Huwavua viatu, kwa maana mbwa hawa huvishwa viatu vidogo vya kitambaa ili barafu isiwakate nyayo. Huwatandikia majani makavu. Huwasha jiko na kuyeyusha theluji, akachemsha nyama, samaki na mafuta, kwani mbwa mmoja katika safari hii huhitaji chakula kinachopita mara nne cha mtu mzima. Hukagua kila mguu, akapaka dawa penye mchubuko. Yakiisha hayo yote ndipo hujilaza saa moja au mbili. Wengi husimulia kwamba kufika siku ya sita au ya saba waliona watu wamesimama njiani wasiokuwapo, kwa ajili ya kukosa usingizi. Sheria nazo humlazimisha kila mmoja kusimama saa 24 katika kituo kimoja, na saa nane mara mbili. Madaktari wa wanyama hukaa vituoni, na mbwa aliyeumia huachwa hapo akarudishwa kwa eropleni.

Ghuba ya Norton ingali katika njia hiyo. Mwezi wa Machi mwaka 1985, madereva waliokuwa mbele walifika Shaktoolik wakaikuta dhoruba. Waliona ni wazimu kuendelea. Msichana mmoja, Libby Riddles, aliondoka peke yake jioni ile. Njia ilikuwa imewekewa alama za vijiti, naye alipofika kwenye kijiti kimoja alisimama mpaka akione cha pili, asije akapotea baharini. Giza lilipomzuia aliingia ndani ya mfuko wa sleji yake akalala juu ya barafu, mbwa wamejikunja wakifunikwa na theluji. Asubuhi Axle na Dugan, mbwa wake wa mbele, waliinuka wakaupa upepo nyuso zao. Alifika Nome wa kwanza, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano hayo.

Adui mwingine ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kama farasi, ambaye hupenda kutembea katika njia iliyoshindiliwa na sleji na hataki kumpisha mtu. Mwaka huohuo wa 1985 mnyama wa namna hiyo aliwaingilia mbwa wa Susan Butcher, akawaua wawili na kuwajeruhi wengine, hata Bibi huyo akajitoa. Mwaka uliofuata alirudi akashinda, kisha akashinda tena mara tatu. Dereva anaruhusiwa kumpiga risasi mnyama wa hivyo ili kujikinga, lakini sharti ampasue na kumtoa matumbo, nyama isiharibike bure. Mwaka 2024 Dallas Seavey alimwua mmoja, na waamuzi wakaona kwamba hakumpasua ipasavyo. Alitozwa adhabu ya saa mbili. Alishinda hata hivyo, mara yake ya sita.

Haifai kuficha kwamba mashindano haya yana wapinzani wengi katika Marekani yenyewe. Katika mwaka huo wa 2024 mbwa watatu walikufa njiani. Wapinzani husema kwamba mbwa hakuombwa ridhaa yake. Wafugaji hujibu kwamba mbwa hawa hulia na kuruka-ruka kwa hamu wanapoiona sleji, na yeyote aliyewaona asubuhi ya kuondoka hawezi kukana hilo. Lakini hamu ya mbwa haimwondolei dereva dhamana, kwa sababu mbwa mwenye moyo hataki kusimama hata akiwa mgonjwa, na anayepaswa kuijua hali yake ni yule aliye nyuma yake.

Theluji nayo imekuwa si ya kutegemewa. Mwaka 2025 ilikuwa haba sana upande wa kusini, hata mashindano yakahamishiwa Fairbanks, kama yalivyowahi kuhamishwa miaka mitatu mingine.

Washindani hutoka nchi nyingi, na baadhi yao hawakuzaliwa penye theluji hata kidogo. Newton Marshall, mtu wa kisiwa cha Jamaica, ambako baridi ya kuganda haijulikani, alimaliza Iditarod mwaka 2010, akawa wa 47. Kufika tu huko Nome huhesabiwa kuwa heshima. Siku ya kuanza, taa huwashwa penye mwisho wa njia, desturi iliyotoka kwa nyumba za wageni za zamani, zilizotundika taa kila zilipojua kwamba yuko mtu njiani na mbwa wake. Mshindi hupita chini yake, na wa kumi, na wa thelathini, nayo haizimwi. Dereva wa mwisho akiisha kuingia, yeye mwenyewe ndiye huizima.