Ratiba ya Ujenzi na Mvua za Rungwe



Katika Luka 14:28, atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Hapa Rungwe yatupasa kuhesabu na siku. Kiangazi chetu ni kifupi, Juni hadi Oktoba, na ukungu wa Julai huchelewesha matofali mabichi kukauka.

Basi ratiba na ianzie mwisho: paa likamilike kabla ya mvua za Novemba, kutoka hapo tuhesabu kurudi nyuma hadi kuta, msingi na tanuru la matofali. Rangi na madirisha vyaweza kungoja, paa haliwezi. Ahadi ya mabati ikichelewa, mvua huzikuta kuta wazi, nasi hulipa mara mbili. Tutoe mapema.

Mungu awabariki.