Tuyapime Maji Kabla ya Kubadili Bomba

(Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Mkunya kuhusu huduma ya maji majumbani)



Uwanda wetu wa Makonde hunywa mvua yake wenyewe: maji huzama mchangani na kuibukia mabondeni. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikiyasukuma kutoka huko chini. Kila ndoo inayotufikia imepandishwa mlima kwa gharama. Basi bomba linapotoa maji membamba, tujue kwanza yamezuiwa wapi, ndipo tufungue mkoba.

Kipimo chake ni ndoo ya lita 20 na saa. Funga koki nyingine zote, kisha jaza ndoo kwenye bomba lililo karibu na dira. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika. Papo hapo rudia kwenye bomba la mbali, kwa sababu msukumo wa maji hubadilika saa kwa saa. La karibu likiwa na nguvu na la mbali likiwa dhaifu, kizuizi kimo baina yake.

Hapo fungua kifaa kimoja tu unachokishuku, kama chujio au koki, ukisafishe, kisha upime tena. Kipimo kisipobadilika, kifaa hicho hakina hatia. Rejeta ya gari, na hata vifaa vya kupozea kompyuta kwa maji, hupimwa kwa kanuni hiyo: maji yapite bila kifaa, kisha yapite nacho, tulinganishe.

Msidharau kutu wala bomba jembamba. Tundu likipungua kwa nusu, maji hayapungui kwa nusu tu. Kwa msukumo na urefu ule ule, hubaki takribani sehemu moja ya sita.

Na ikiwa bomba la karibu na dira nalo ni dhaifu, muulize jirani wa laini hiyo hiyo. Yake yakiwa mazuri, kasoro iko kwenye maungio yako au dira. Usiifungue mwenyewe, toa taarifa kwa mamlaka ya maji. Yenu nyote yakiwa dhaifu, andikeni vipimo na saa zake, mvipeleke pamoja. Fundi mwenye tarakimu mkononi hachimbi kwa kubahatisha.

Maji ya kipimo yasimwagwe, yatiwe pipani.