Ua la Mama



Mama yetu alipofariki alituacha sisi watoto watatu, na sebuleni aliacha ua moja katika chungu cha udongo. Majani yake ni manene, yang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wataalamu huliita Zamioculcas zamiifolia. Wengi hudhani limetoka ng'ambo, kumbe humea lenyewe katika misitu ya pwani yetu ya Kenya.

Wakati huo tulikuwa na ugomvi juu ya shamba, wala hatukusemezana. Lakini kila mmoja wetu aliyefika nyumbani alilimwagilia ua la Mama maji, bila kuuliza kama mwenzake amekwisha kulimwagilia. Baada ya miezi michache majani yakawa manjano, mashina yakalegea. Tukaongeza maji. Likazidi kudhoofika, nasi tukapata jambo jingine la kulaumiana.

Nyanya mmoja, jirani yetu, alikuja akalitazama, akasema: "Wanangu, ua hili halina kiu. Mnaliua kwa maji, na tena chungu kimelibana. Litoeni mlione chini."

Tuliogopa kuligusa, maana ndiyo kumbukumbu tuliyokuwa nayo. Hata hivyo tulikipindua chungu. Ndani tulikuta vinundu kama viazi, ambamo mmea huu huweka maji yake ya siku za ukame. Ndiyo sababu maji mengi huuozesha. Vingine vilikuwa vyeusi, vimeoza. Mizizi ilikuwa imejisokota pande zote kwa kukosa nafasi.

Tulikata vilivyooza kwa kisu safi, tukanawa mikono vizuri, kwa maana utomvu wake huwasha. Kisha tukaachanisha polepole sehemu tatu, kila moja na shina lake, kinundu chake na mizizi yake. Tuliziacha kivulini siku moja ili majeraha yakauke. Tukazipanda katika mikebe iliyotobolewa chini, isiyo mikubwa kupita kiasi, kwa udongo uliochanganywa na mchanga. Nyanya alitukataza kutia maji kwa juma zima. Na baada ya hapo, tungoje kila mara mpaka udongo ukauke kwanza.

Kila mmoja alikwenda na mkebe wake. Miezi miwili hapakuonekana kitu. Mwezi wa tatu dada yetu akaja na mkebe wake kutuonyesha chipukizi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, tuliketi pamoja tukazungumza habari za shamba. Hatukumaliza, lakini tulianza.

Wapendwa, katika Luka 13 Bwana Yesu alisimulia habari za mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuchimba kuuzunguka na kutia samadi. Hakuweza kuahidi matunda. Aliahidi kazi ya mikono yake, kule kwenye mizizi.

Sisi tulimwaga maji juu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuchimba. Pengine nawe, msikilizaji, unapeleka sukari na unga nyumbani kila mwezi, na huku neno lililooza kati yako na ndugu yako liko chini, halijaguswa. Mwendee leo.

Tuombe. Ee Baba, utupe ujasiri wa kuitazama mizizi yetu, na saburi ya kulingoja chipukizi. Amina.